Mgeni Ajitafutie Jembe

Kila mwaka, majuma machache kabla ya safari, vyuo vyetu huwakusanya ukumbini vijana wachache waliopata nafasi ya kusoma ng'ambo kwa muhula mmoja au miwili. Wanaambiwa huko kuna baridi. Wanaambiwa Wazungu hawasalimiani njiani, chakula chao hakina ladha, kuchelewa dakika moja ni dhambi, na kwamba wao sasa ni mabalozi wa nchi. Kisha hupigwa picha wakiwa na bendera. Nimekaa meza kuu katika hafla hizo mara nyingi, na nimezungumza na vijana hao hao waliporudi. Msimamo wangu ni kwamba tunawaandaa kwa lile lisilowasumbua sana na kuwaacha mikono mitupu kwa lile litakalowaelemea. Kinachomwangusha mwanafunzi wa kubadilishana ni shughuli za kila siku: barua, kodi, bima, miadi, takataka, Jumapili. Na shughuli hizo humshinda, hata akiwa mwerevu wa darasa, kwa sababu nyumbani zilikuwa zikifanywa na watu wengine bila yeye wala wao kutambua.

Nitazungumzia Ujerumani, kwa kuwa ndiko wanakokwenda wengi wa wanafunzi ninaowashauri. Tangu mwaka 2015, mpango wa Umoja wa Ulaya wa Erasmus+ ulipoanza kugharimia safari za muhula kati ya vyuo vya Ulaya na vya Afrika, njia hiyo imepanuka. Na zipo pia nafasi za DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, ambalo lina ofisi Nairobi. Lakini mantiki nitakayoieleza ni ile ile kwa anayekwenda Finland au Uholanzi.

Tazama kijana wa chuo anavyoishi Dar es Salaam. Chumba amekipata kupitia binamu wa rafiki yake. Akiishiwa, mama ntilie anamwandika kwenye daftari. Akiumwa kichwa anapita duka la dawa, na muuzaji anamsikiliza, anampa vidonge na kumshauri apime malaria. Tarehe ya mtihani anaijua kwa sababu CR, yaani kiongozi wa darasa, ameitupia kwenye kundi la WhatsApp. Akipotea njia anamuuliza bodaboda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopita kwenye karatasi. Yote yamepita kwa mtu. Kijana huyo anajiona anajitegemea, na kweli anajitegemea, ila kujitegemea kwake kumesimama juu ya mtandao wa watu wanaomjua kwa jina au kwa sura. Ujerumani, mambo yale yale hupita kwenye karatasi na mikataba. Mfumo umejengwa kwa makusudi ili mtu apate haki yake bila kumjua mtu yeyote. Ni uadilifu mkubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaouhusudu. Lakini mgeni asiyejua karatasi gani inakwenda wapi hana pa kuanzia, na hakuna jirani atakayejua kwamba amekwama.

Ugumu wa majuma ya kwanza hutokana na mfuatano. Sheria inamtaka kila anayehamia kwenye makazi ajiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili. Wanafunzi wote wanaijua kazi hiyo kwa jina la Anmeldung. Ili uandikishwe unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Ili upate fomu unahitaji chumba. Anayelala kwa muda sebuleni kwa mwenzake, au kwenye hosteli ya watalii, mara nyingi hana wa kumsainia. Bila uandikishaji, benki nyingi zinasita kukufungulia akaunti. Na bila akaunti, pesa zako mwenyewe zinakutazama kwa mbali. Mwanafunzi asiye na ufadhili huwa ameweka fedha za kujikimu katika akaunti maalumu iliyofungwa, kiasi ambacho tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na hutolewa euro 992 tu kila mwezi, kupitia akaunti ya kawaida. Bima ya afya nayo ni sharti la kusajiliwa chuoni, na viza ina siku yake ya kwisha. Ukikosea hatua moja mwanzoni, tano za mbele yake zinasimama. Nimeona vijana wakijilaumu kwamba wamekuwa wavivu au wajinga, kumbe walichokosa ni kuelezwa tu kwamba chumba ndicho kinachotangulia vyote.

Baada ya mfuatano huo inakuja posta. Sisi tumezoea sanduku la posta la ofisi au la mzazi. Barua ya kuletwa mlangoni ni jambo la nadra. Ujerumani barua bado ndiyo sauti ya serikali, ya bima na ya mwenye nyumba, na tarishi anamtafuta mtu kwa jina lililobandikwa kwenye kisanduku chake. Kama jina lako halipo pale, barua inarudi ilikotoka. Na kwa barua nyingi za ofisi za umma, sheria huchukulia kwamba zimekufikia siku ya nne baada ya kupostiwa, uwe umezifungua au hujazifungua; muda wa kujibu huanzia hapo. Mfano unaowapata wengi ni ada ya utangazaji wa umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, hata kama huna redio wala televisheni. Barua yake hufuata muda si mrefu baada ya kujiandikisha, imeandikwa Kijerumani kizito, na kijana huidhani tangazo la biashara au utapeli. Anaiweka pembeni. Miezi inapita, deni linakua, na vitisho vinaanza. Angeishi na wenzake watatu na kuuliza mapema, angeambiwa kwamba nyumba nzima hulipa ada moja na wakaaji wakagawana.

Darasani mambo ni hayo hayo. Huku kwetu mwanafunzi ana majaribio ya katikati ya muhula, ana kazi za nyumbani zenye alama, ana mwalimu anayeita majina. Kule kozi nyingi huamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho au andiko moja refu, na kwa mtihani huo lazima ujiandikishe mwenyewe, ndani ya tarehe zilizowekwa, kwenye tovuti ya chuo. Unaweza kuhudhuria vipindi vyote, ukaelewa kila kitu, na usiruhusiwe kuufanya kwa sababu hukubofya kitufe. Mzigo wa kawaida wa muhula ni krediti 30 za masomo za Ulaya, nazo huhesabiwa kuwa kati ya saa 750 na 900 za kazi. Saa za kukaa darasani ni sehemu ndogo tu ya hizo. Alama zimegeuzwa: 1.0 ndiyo bora, na zaidi ya 4.0 ni kufeli. Hata hofu tuliyowajaza kuhusu kuchelewa haiko sawasawa. Katika vyuo vingi kipindi kilichoandikiwa saa nne na alama za c.t. huanza saa nne na robo, desturi ya kale yenye baraka zote za chuo. Aliyeandikiwa s.t. ndiye anayepaswa kufika saa nne kamili. Ni maelezo ya sentensi mbili, lakini sijawahi kuyasikia katika hafla ya kuaga.

Sasa nije kwenye upweke, maana ndio unaotajwa na kila anayerudi, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Kwetu kuuliza ndiyo njia ya kuanzisha uhusiano. Unamuuliza jirani maji yanatoka siku gani, anakujibu, kesho mnasalimiana, keshokutwa anakuletea sahani ya pilau. Haja ndiyo inayotukutanisha. Mahali ambapo ratiba ya basi ni ya kuaminika na maelezo yote yako mtandaoni, haja hiyo inaondoka, na urafiki uliokuwa ukizaliwa nayo unaondoka nao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisikia methali hii kama onyo kwa mgeni mzembe, lakini mimi naiona pia kama ukarimu: kupewa jembe ni kuingizwa katika kazi ya nyumba, na anayelima nanyi si mgeni tena. Mwanafunzi wetu anafika Leipzig au Göttingen akingoja, bila kujua kwamba anangoja, siku ya tatu. Haiji. Si kwamba wenyeji hawamtaki. Kwao kumkabidhi mtu kazi au kumwingilia bila kuombwa ni kumkosea heshima. Jembe lipo, lakini limewekwa ghalani, na mgeni ndiye anayepaswa kulifuata.

Ongeza juu ya upweke huo uhaba wa mwanga na Jumapili. Mwishoni mwa Desemba mjini Berlin jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi jioni; mchana mzima hauzidi saa nane. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, mwili wake haujawahi kukutana na jambo hilo. Analala vibaya, anachoka, anadhani amekata tamaa ya maisha. Jumapili nayo imelindwa na katiba kuwa siku ya mapumziko, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya Weimar ya 1919. Maduka yamefungwa, makelele hayatakiwi, watu wako na familia zao. Anayewasili Jumamosi usiku bila mkate hugundua hilo akiwa na njaa, na huishia duka la kituo cha mafuta au la stesheni kubwa ya treni kwa bei ya juu.

Yasemwayo na yalivyo

La kwanza linalosemwa ni lile la hatua: kwamba mgeni hufurahi mwanzoni, huzama miezi michache baadaye, kisha huinuka. Dhana hiyo ilitokana na utafiti wa Sverre Lysgaard, uliochapishwa mwaka 1955, juu ya Wanorwei waliokuwa wamerudi kutoka Marekani, na ikapata nguvu kwa maandishi ya mwanaanthropolojia Kalervo Oberg. Inapendeza kuichora ubaoni. Lakini Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, wakawapima tangu saa 24 za kwanza hadi mwaka mmoja, na kuchapisha matokeo mwaka 1998, waliona kwamba dhiki ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa, kisha ikapungua. Kilichokuwa kikiitwa furaha ya mwanzo hakikuonekana. Na hivyo ndivyo nionavyo mimi: siku ambazo mtu hajui chochote ndizo siku ngumu. Hasara ya dhana ile ni kwamba vyuo hupanga kumpigia mwanafunzi simu mwezi wa tatu tangu afike, atakapokuwa ama ameshatafuta njia au ameshaharibikiwa.

La pili ni kwamba Kiingereza kinatosha. Darasani, katika programu zinazofundishwa kwa Kiingereza, ni kweli. Lakini lugha ya ofisi za serikali ni Kijerumani kwa mujibu wa sheria, na karani anayezungumza Kiingereza vizuri atakupa fomu ya Kijerumani hata hivyo. Hapahitajiki ufasaha. Miezi mitatu ya kozi ya mwanzo katika Goethe-Institut, ambayo ipo Dar es Salaam na Nairobi, inamwezesha mtu kutambua tarehe ya mwisho, kiasi cha pesa na neno la onyo katika barua. Hayo matatu yanatosha kujua ni barua gani ya kupeleka kwa mtu leo hii.

La tatu ni ushauri wa kuwakimbia watu wa kwenu: usikae na Wabongo wenzako, hukwenda Ulaya kusema Kiswahili. Stephen Bochner na wenzake walionesha tangu mwaka 1977, walipowachunguza wanafunzi wa kigeni huko Hawaii, kwamba mgeni huwa na makundi matatu ya watu, na kila moja lina kazi yake. Watu wa kwao humpa nafasi ya kuwa yeye. Wenyeji humfungulia njia za masomo na ofisi. Wageni wa mataifa mengine humpa starehe na mazungumzo. Kukosa kundi moja hakufidiwi na mengine. Dada wa Kikenya aliyekaa mjini miaka minne, anayejua duka gani la Kiafrika linauza unga mweupe wa sembe na ofisi gani hujibu barua pepe, ni hazina. Kosa ni kuishia kwake.

La nne, kwamba Wajerumani wana roho ya baridi, linachanganya mambo mawili ambayo kijana anapaswa kuyatenganisha. Jirani asiyekusalimia kituoni hamsalimii yeyote. Usilibebe hilo moyoni. Lakini mwenye nyumba ambaye chumba chake kinajaa ghafla akishasikia jina lako, au mtu anayekutukana kwenye treni, huyo habanwi na desturi ya ukimya. Huo ni ubaguzi, upo, na sheria ya mwaka 2006 ya kutendeana kwa usawa inaukataza katika ajira na, kwa sehemu kubwa, katika upangishaji wa nyumba. Vyuo vingi vina dawati la kupokea malalamiko hayo. Kumwambia kijana kwamba kila kitu ni tofauti ya utamaduni ni kumfundisha ajitilie shaka pale ambapo aliyekosea ni mwingine.

La tano linatoka nyumbani: uko Ulaya, una hela. Zile euro 992 ni makadirio ya serikali ya gharama za kuishi kwa mwezi, na katika mji kama Munich kodi peke yake yaweza kumeza nusu au zaidi. Anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au siku 280 za nusu, lakini kila saa ya kuosha vyombo mgahawani imetolewa kwenye zile saa 900. Mzazi, mjomba, shangazi: anayekuja kwa muhula mmoja hajaenda kutafuta maisha. Msimpe mzigo wa harusi na ada za wadogo zake.

La kufanya

Kwa mwanafunzi, nasema hivi. Anza kutafuta chumba siku ile ile unayopata barua ya kukubaliwa, kwanza katika hosteli za shirika la huduma za wanafunzi la mji wako, ambazo foleni zake ni ndefu. Usitume pesa ya amana kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona. Matapeli hulenga wageni walioko mbali. Ukifika, bandika jina kwenye kisanduku cha barua na kengele kabla hujafungua begi. Omba miadi ya kujiandikisha ukiwa bado nyumbani, kwa sababu mijini miadi hujaa. Nunua faili, panga kila barua kwa tarehe, na chagua siku moja ya wiki ya kuzisoma zote ukiwa na anayejua lugha. Siku ya kujiandikisha mitihani iweke kwenye simu yako kabla ya somo la kwanza.

Kuhusu afya, usisubiri kuumwa ndipo utafute daktari wa familia. Namba 116117 ni ya kuulizia daktari baada ya saa za kazi. 112 ni ya dharura. Na kwa anayetoka ukanda wetu kuna jambo ambalo ningelichapisha kwa herufi kubwa: ukipata homa katika majuma ya kwanza, au hata miezi ya kwanza, mwambie daktari papo hapo kwamba umetoka eneo lenye malaria na uombe upimwe siku hiyo hiyo. Kule mtu mwenye homa na maumivu ya viungo hudhaniwa ana mafua, na malaria kali haisubiri.

Kuhusu watu, usitafute rafiki. Tafuta shughuli yenye siku na saa. Wenyeji hujenga urafiki kwa kukutana tena na tena juu ya jambo moja: kwaya, mpira, kupanda miti, kucheza drafti, kuoka. Michezo ya chuo ni ya bei nafuu na vyama vya mtaa viko hata katika miji midogo. Jiunge katika mwezi wako wa kwanza, kabla mchana haujafupika, na uhudhurie hata siku usiyotaka. Baada ya wiki kadhaa utapewa ufunguo wa chumba cha mazoezi au zamu ya kufagia, na hapo utakuwa umeingia. Mchana utoke nje hata kama kuna mawingu. Simu za nyumbani zipangie siku. Kufikia Novemba tofauti ya saa ni mbili, na mazungumzo ya kila usiku na kundi la darasa la Dodoma yatakula usingizi na jioni ambazo ungekutana na watu. Ukizidiwa, ushauri wa kisaikolojia wa shirika la huduma za wanafunzi kwa kawaida haulipiwi, na kwenda si aibu.

Ukikaribia kurudi, kumbuka kwamba kuondoka nako kuna karatasi zake. Mkataba wa chumba usio na mwisho huhitaji notisi ya miezi mitatu hivi, amana yaweza kufikia kodi ya miezi mitatu, na usipojiondoa kwenye daftari la wakazi ada ya utangazaji itaendelea kukuandama.

Vyuo vyetu ndivyo vyenye deni kubwa zaidi. Hotuba ya utamaduni ifutwe, na asubuhi ile itumike kwa mazoezi: kila msafiri apewe barua halisi ya Kijerumani iliyofichwa majina, aseme inataka nini na lini, apewe bajeti ya euro 992 aigawe, apewe orodha ya kazi kumi za majuma mawili ya kwanza zikiwa zimechanganywa, azipange kwa mfuatano. Simu ya kumjulia hali ipigwe siku ya tatu, siku ya kumi na siku ya ishirini, si mwezi wa tatu. Makubaliano ya masomo yasainiwe kabla ya safari ili krediti alizozipata kule zisije zikakwama kwenye meza ya mkuu wa idara akirudi. Na kila anayerudi, kabla ya kupewa matokeo yake, aandike kurasa mbili kwa anayefuata: mji, chumba, ofisi, gharama, na majina ya shughuli zilizompokea. Haya yote hayahitaji bajeti mpya wala ruhusa ya wizara. Yanahitaji ofisi ya uhusiano wa kimataifa ikubali kwamba kazi yake haikwishi kwenye picha ya bendera.